Msaada wa Kitaalamu wa Kunyonyesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kliniki, wodini na kwenye simu za usiku. Anayejibu ni mkunga wa Dar es Salaam, kwa hiyo utaratibu wa vituo na sheria za kazi zinazotajwa hapa ni za Tanzania zaidi, na Kenya pale inapobidi. Maswali ya mwili hayana mpaka.

Mbona bibi zetu walinyonyesha bila mtaalamu?

Walikuwa naye, ila hakuvaa sare. Msichana alikua akiwaona dada, wifi na shangazi wakinyonyesha mbele yake, na siku alipojifungua yeye, mama au somo alikaa naye siku arobaini, yupo hata saa nane za usiku mtoto anapokataa titi. Leo mzazi wa mara ya kwanza wa Mbagala au Tegeta amepanga chumba na sebule, mama yake yuko Songea, na huenda hajawahi kushika kichanga mpaka aliposhika wa kwake. Akijifungua salama anaruhusiwa kesho yake. Maziwa yanaanza kujaa kati ya siku ya pili na ya tano. Kwa hiyo shida inamkuta nyumbani, na aliye karibu naye ni mwenye duka la dawa.

Hapo ndipo tunawapoteza wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa 2015/16 ulionyesha asilimia 59. Tumesogea, lakini theluthi nzima bado wanapewa kitu kingine, na kwa ninavyoona mimi si kwa sababu mama zao hawajui faida. Hotuba ya faida kila mama anaijua kwa moyo. Anachokosa ni mtu wa kukaa kando yake na kumwangalia mtoto akinyonya, tangu anaposhika titi mpaka anapoliachia mwenyewe.

Huyo mtaalamu ni nani hasa?

Mara nyingi ni muuguzi mkunga wa kliniki ya mama na mtoto, au afisa lishe, aliyepata mafunzo ya ushauri wa unyonyeshaji. Kozi inayojulikana zaidi ni ile ya saa 40 ya WHO na UNICEF, iliyotolewa 1993. Wapo pia wenye cheti cha kimataifa, ambacho mtihani wake ulianza 1985, lakini kwetu ni wachache na wengi wako hospitali binafsi za miji mikubwa. Mtaani na kijijini yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyo anaweza kukusaidia mambo ya msingi na kukuelekeza mapema yanapomzidi.

Vyeti visikubabaishe sana. Muulize mambo mawili: utaniangalia nikinyonyesha? Na je, kuna kitu unauza? Anayekupa jibu bila kumwona mtoto kwenye titi anabahatisha. Anayemalizia ushauri wake kwa kukuonyesha kopo la maziwa au unga wa kuongeza maziwa, mshukuru uondoke. Kanuni ya kimataifa ya kudhibiti biashara ya maziwa mbadala ipo tangu 1981, Tanzania ilitunga kanuni zake 1994, na Kenya ina sheria tangu 2012. Hazikatazi kopo kuuzwa. Zinakataza kina mama kurubuniwa nalo, na mhudumu wa afya hatakiwi kuwa wakala.

Nimwone lini?

Kabla hujajifungua, mara moja. Hudhurio mojawapo la miezi ya mwisho mwambie mkunga akuonyeshe jinsi ya kumpakata mtoto, na mweleze kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa titi, kama chuchu zimeingia ndani, au kama uzao uliopita ulikushinda kunyonyesha.

Halafu saa ya kwanza baada ya kujifungua. Mtoto awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, aachwe atafute titi. Kumpima uzito na kumvisha kunaweza kusubiri. Hospitali zinazofuata mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, ulioanzishwa na WHO na UNICEF mwaka 1991, zinatakiwa kufanya hivyo bila kuombwa. Ukiona wodi imejaa na watu wana haraka, omba.

Kisha kati ya siku ya 2 na ya 3, hata kama huoni tatizo, kwa kuwa ndiyo siku matiti yanapojaa na chuchu zinapoanza kupasuka. WHO nayo inataka mzazi aonwe ndani ya saa 48 hadi 72. Anayekuja siku ya 3 na chuchu inayouma tunamaliza naye kwa kikao kimoja au viwili. Akija wiki ya 3, mtoto ameshazoea chupa na mama ameshakata tamaa. Tunasaidia, lakini ni kazi ndefu.

Siku ya kwanza hakuna kinachotoka. Mtoto atashinda njaa?

Kinatoka, ila ni kidogo na ni kizito: dang'a, yale maziwa ya njano. Mlo mmoja wa siku ya kwanza ni matone tu hadi kijiko kimoja cha chai hivi, na tumbo la kichanga ndicho linachokitaka. Ndani yake kuna kinga nyingi kuliko maziwa yatakayokuja baadaye, na yanamsaidia mtoto kupata ile choo nyeusi ya kwanza. Kuna maeneo bado yanaita maziwa hayo machafu na kuyakamua yamwagwe. Usimwage hata tone.

Mtoto atapungua uzito siku za mwanzo, na hiyo ni kawaida mpaka karibu asilimia 7. Akikaribia 10 tunataka kumwona akinyonya siku hiyohiyo. Wengi hurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Maziwa yangu hayatoshi. Nimwanzishie kopo?

Hili ndilo swali la kila siku, na linastahili jibu refu.

Kwanza, unajuaje hayatoshi? Kina mama hunijibu: analia jioni, anataka titi kila saa, matiti yamelegea, nimekamua yametoka kidogo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha. Vichanga wengi hulia kuanzia magharibi mpaka usiku na kutaka titi mfululizo, hata wale wanaoongezeka uzito vizuri. Matiti kulegea baada ya wiki chache ni mwili umeshajua kiasi gani kinahitajika. Na mkono au pampu haimkaribii mtoto anayenyonya vizuri. Kiasi ulichokamua hakikuonyeshi kilichomo.

Vipimo vya kweli ni viwili. Cha kwanza ni mkojo: siku ya kwanza angalau mara moja, ya pili mara mbili, na kuanzia siku ya 5 mara 6 au zaidi kwa saa 24, mweupe usio na harufu kali. Ukimvalisha pampasi huwezi kuhesabu vizuri, kwa hiyo siku mbili tatu za kuhesabu mvalishe nepi za kitambaa. Cha pili ni mzani: baada ya wiki ya kwanza, mtoto wa miezi ya mwanzo huongezeka takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Kadi ya kliniki ndiyo itakayotuambia, si jirani aliyemwangalia mashavu.

Vikionyesha kweli hapati ya kutosha, mara nyingi chanzo kinapatikana kwenye kunyonyesha kwenyewe. Mtoto ameshika ncha ya chuchu tu. Ananyonyeshwa kwa ratiba ya kila saa tatu kwa sababu mtu alisema tumbo lazima lipumzike, wakati kichanga anahitaji mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Analala titini dakika mbili na mama anadhani ameshiba. Usiku anapewa chupa ili mama apumzike, ilhali usiku ndio homoni ya kutengeneza maziwa inapokuwa juu. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Kila chupa ya kopo ni mlo mmoja ambao titi halikuombwa, na baada ya wiki mbili maziwa yamepungua kweli. Ndipo watu wanaposema, unaona, tulikwambia.

Wapo wanawake ambao maziwa ni machache hasa: waliovuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, waliobakiwa na kipande cha kondo, wenye matatizo ya tezi la shingo, waliokatwa titi, na wachache ambao matiti yao hayakukua tishu za kutosha. Hao si wavivu, na mtaalamu mzuri hawatesi. Tunapima, tunatibu kinachotibika, na mtoto anapohitaji nyongeza anapewa, kwa kikombe kidogo kisafi, huku titi likiendelea. Nyongeza iliyopangwa na kupimwa haifanani na kopo lililonunuliwa usiku kwa hofu.

Chuchu zimepasuka, naumia mpaka nalia. Si lazima nivumilie mwanzoni?

Hapana. Kuwashwa kidogo sekunde za mwanzo, siku za mwanzo, sawa. Maumivu yanayoendelea mlo mzima ni dalili kwamba mtoto ameshika vibaya.

Jaribu hivi leo. Kaa umeegemea, mabega yashuke. Mtoto awe amekugeukia mwili mzima, tumbo lake kwenye tumbo lako, kichwa, mgongo na makalio vikiwa kwenye mstari mmoja. Mtoto aliyelala chali na kugeuza shingo tu hawezi kumeza vizuri, jaribu mwenyewe kunywa maji ukiangalia begani. Pua yake iwe usawa wa chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri apanue kinywa kabisa, kisha mlete yeye kwenye titi. Kina mama wengi huinama kumpelekea mtoto titi, ndiyo maana mgongo nao unauma. Akishika sawasawa, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utasikia akimeza, na mashavu yatabaki ya mviringo bila kubonyea.

Ikiuma, usivute. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa kinywa chake, akiachia anza upya, hata mara tano. Baada ya kunyonyesha paka tone la maziwa yako juu ya kidonda, acha pakauke. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno wala pafyumu, vyote nimeshavikuta.

Ukiweka vizuri na bado inauma, tunaangalia kinywa cha mtoto: utando chini ya ulimi unaweza kuwa mfupi na kuuzuia ulimi kutoka nje, au kuna fangasi. Utando huo si kimeo. Kimeo kiko nyuma ya koo, na kukikata mtaani kumeua watoto kwa damu na maambukizi.

Supu ya pweza, mtori, uji wa pilipili manga: vinaongeza maziwa?

Vinamlisha mama, na mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, karibu kalori 500 kwa siku. Mtori wa Kilimanjaro una ndizi na nyama, pweza ana protini, uji wa moto unakukalisha chini utulie. Kula kwa raha zako. Ila hakuna supu itakayorekebisha mtoto aliyeshika titi vibaya, na hapo ndipo familia hupoteza wiki nzima wakibadilisha supu.

Mbege na bia, hapana: pombe huzuia maziwa kushuka, na inapita kwa mtoto. Vidonge vya kuongeza maziwa vinavyouzwa dukani bila cheti vina madhara yake. Daktari ndiye aamue.

Titi limevimba, lina wekundu na ninatetemeka kwa homa.

Endelea kunyonyesha upande huo. Maziwa hayajaoza na hayatamdhuru mtoto. Ukiacha ghafla ndipo jipu linapokuja. Pumzika, kunywa maji, meza paracetamol au ibuprofen kama huna kizuizi.

Kuhusu kukanda, nitawaudhi wakubwa. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumminya titi kwa nguvu mpaka donge liishe inazidisha uvimbe. Mwongozo wa madaktari wa unyonyeshaji wa 2022 umegeuza tulichofundishwa wengi wetu: weka kitambaa cha baridi, nyonyesha kama kawaida bila kukamua kupita kiasi ili kumaliza, na ukipapasa iwe kwa wepesi kuelekea kwapani. Homa isipopungua ndani ya saa 24 au ukizidiwa, nenda kituo upewe antibayotiki. Donge gumu lenye maumivu lisilopungua kwa siku kadhaa lipigwe altrasaundi.

Mimi ni mama mkwe. Mtoto analia na joto la Dar hili, kwa nini mnatukataza kumpa hata maji?

Shikamoo mama. Hatukukatazi kumlea mjukuu. Tunakuomba umpe mama yake hayo maji, na yeye atayafikisha. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, na mtoto akiwa na kiu atanyonya mara nyingi zaidi. Maji ukimpa yeye yanajaza tumbo lisilo na nafasi, halafu kikombe au chupa inaleta kuhara. Hiyo ni pamoja na maji ya sukari, dawa za tumbo za chupa na uji mwepesi wa mwezi wa tatu. Dawa aliyoandikiwa hospitali, chanjo ya matone na chumvichumvi ya kutibu kuhara haviharibu lolote.

Na mama, nguvu yako tunaihitaji. Ukiwa upande wake, hatashindwa. Mchukue mtoto akishanyonya, mcheulishe, mama alale saa moja.

Wanasema tukikutana kimwili na mume wangu tutambemenda mtoto.

Nalijibu hili kwa adabu kwa kuwa nimeona ndoa zikiyumba na watoto wakiachishwa ziwa mapema kwa hofu hiyo. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa. Zikiingia tumboni zinaweza kuleta mimba, na nadhani hapo ndipo wazee walipoona jambo: mama akishika mimba haraka, mtoto aliachishwa ziwa ghafla, akapewa uji mtupu, akadhoofu. Kudhoofu kulikuwa kwa kweli. Sababu ilikuwa chakula.

Kwa hiyo zungumzeni uzazi wa mpango. Kunyonyesha kwenyewe kunazuia mimba kwa takriban asilimia 98 endapo mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, tafuta njia nyingine. Kondomu, kitanzi, vijiti na sindano za homoni moja vinaendana na kunyonyesha, ila sindano kwa kawaida husubiri wiki 6. Vidonge vyenye homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa, kwa hiyo mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha. Na mimba ikija, wengi wanaweza kuendelea kunyonyesha. Mweleze mkunga wako.

Ninaishi na VVU. Ninyonyeshe?

Ndiyo, ukiwa kwenye ARV na unazimeza kila siku. Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha uendelee pamoja na chakula mpaka angalau miezi 12, na unaweza kufika miezi 24 au zaidi kama wanawake wengine. Mtoto atapewa dawa ya kinga na kupimwa akiwa na takriban wiki 6, na tena baadaye mpaka utakapoacha kunyonyesha. Kilicho hatari ni kuruka dawa, na kuchanganya titi na uji au maji katika miezi ya mwanzo.

Chuchu ikipasuka au titi likivimba, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo. Wakati huo nyonyesha upande mzima na ukamue ule wenye kidonda.

Kama jina la kliniki yako ndilo linalokutia hofu ya kuonekana, omba kuzungumza na mkunga faragha. Huna haja ya kumweleza jirani kwa nini humpi mtoto maji.

Nilijifungua kwa upasuaji. Na kama mtoto ni njiti?

Upasuaji unaweza kuchelewesha maziwa siku moja au mbili, basi. Mtoto awekwe kifuani mapema, hata ukiwa umelala. Mshike ubavuni, miguu yake ikielekea nyuma yako chini ya kwapa, ili asikanyage mshono. Au nyonyesha ukiwa umelala kwa ubavu.

Kwa njiti, maziwa yako ni sehemu ya matibabu. Asiyeweza kunyonya anapewa kwa mrija au kikombe, nawe uanze kukamua ndani ya saa chache za mwanzo, angalau mara 8 kwa siku, usiku pia. Kaa naye kifuani kwa mtindo wa kangaruu. Mtindo huo ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto zilikuwa hazitoshi, na hakuna aliyefikiri ungekuja kuzishinda. Utafiti wa WHO uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa kuwaweka watoto wadogo kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watengemae, kulipunguza vifo kwa asilimia 25.

Nairobi, Hospitali ya Pumwani ina benki ya maziwa ya mama tangu 2019, ambako maziwa ya waliojitolea huchunguzwa na kupashwa joto kwa kiwango maalumu. Waislamu huuliza kuhusu undugu wa kunyonya, yaani watoto walionyonya kwa mama mmoja kuhesabiwa ndugu. Ni swali la haki, liulizwe kwa hospitali na kwa sheikh kabla. Kumpa mtoto jirani amnyonyeshe bila vipimo, sikushauri.

Likizo inaisha. Nitaendeleaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi mwajiri anatakiwa kukuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui. Kenya likizo ni miezi 3, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea.

Anza kukamua wiki mbili kabla. Mkono unatosha, na haununuliwi. Pampu ni ya hiari. Weka kidole gumba na cha shahada pembeni mwa weusi, sukuma nyuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu.

Vitabu vinasema maziwa hukaa saa 4 mezani kwenye nyuzi joto 25. Dar mwezi wa pili, nyuzi 25 utazipata wapi? Weka kwenye deli dogo lenye barafu, hapo yanafika saa 24. Kwenye friji siku 4. Kwenye friza miezi 6 ni sawa. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, si jikoni wala kwenye maikrowevu, na mtoto apewe kwa kikombe. Dada wa kazi afundishwe na wewe mwenyewe, kwa kutazama, kabla ya siku ya kwanza.

Mama ntilie na mwenye genge hana likizo wala sheria. Kwake nashauri mtoto aende naye sokoni miezi ile ya mwanzo, na mkunga amsaidie kupanga mahali pa kukaa na kunawa mikono.

Mimi ni baba. Nifanye nini?

Njoo naye kliniki usikie mwenyewe. Halafu wazuie wageni, osha vyombo, na mtu akisema "mpeni kopo" jibu wewe, asijibu yeye.

Nifunge Ramadhani?

Dini imemruhusu anayenyonyesha kula na kulipa baadaye akihofia nafsi yake au mtoto. Chini ya miezi 6 ningekushauri usifunge. Baada ya hapo angalia mkojo wa mtoto na hali yako.

Huduma hii inalipiwa?

Katika vituo vya serikali Tanzania, sera inasema huduma za mama mjamzito, mzazi na mtoto wa chini ya miaka 5 ni bila malipo, na ushauri wa kunyonyesha ni sehemu yake. Hospitali binafsi na washauri wanaofika nyumbani wana bei zao. Ulizia kwanza, pamoja na kama bima yako inahusika. Ndugu aliye Marekani aulizie WIC ya eneo lake, mpango wa serikali wa lishe kwa mama na watoto wa kipato cha chini, una washauri wa kunyonyesha.

Lini niache kuulizia kunyonyesha niende hospitali moja kwa moja?

Mtoto: hanyonyi kabisa au amelegea haamki kunyonya, mwili wa moto kuanzia nyuzi 37.5 au wa baridi sana, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kinazama, degedege, manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, hajakojoa kutwa nzima. Mama: damu nyingi, uchafu wenye harufu, homa kali, kichwa kuuma sana na kuona maruerue, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hilo la mwisho ni ugonjwa kama mengine, na linatibika. Usiku wa manane pia nenda.

Nije na nini siku ya miadi?

Kadi ya mtoto na yako, dawa zote unazotumia hata za mitishamba, na khanga mbili. Vaa nguo inayofunguka mbele. Usimnyonyeshe akashiba njiani. Afike akiwa na njaa kidogo, maana nataka kumwona akinyonya. Kama unampa kitu kingine, kije pia na chombo chake, hakuna atakayekugombeza. Tenga saa moja na nusu.